Beetle 1303S inavuja petroli kwenye kabureta, nianze kuangalia wapi?

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na Volkswagen za injini ya nyuma.

Gari ni Beetle 1303S ya mwaka 1973, injini ya 1600, kabureta ni Solex 34 PICT-3, ile yenye choki ya umeme. Ilikuwa ya baba mdogo. Alipoacha kuendesha akanikabidhi, na nia yangu ni ibaki barabarani, sitaki iwe gari ya kufunikwa turubai na kuonyeshwa wageni. Hizi ndizo gari zilizoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 kwenye tope na vumbi letu hili, kwa hiyo kufa kwa sababu ya kabureta sikubali.

Tatizo liko hivi. Asubuhi nikifungua boneti ya nyuma, harufu ya petroli inanipokea. Kabureta imelowa sehemu ya chini, pale mhimili wa kipepeo unapotokeza (kipepeo ni kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta). Ikiwa baridi inawaka vizuri tu. Ikiwa imechemka, nikaizima nikaingia dukani mara moja, nikirudi inakuwa shughuli: starta inazungusha weee, inakohoa moshi mweusi, ndipo inashika. Ulaji wa mafuta nao umepanda.

Fundi niliyempelekea ameitazama akasema kabureta imekufa, ninunue mpya. Bei niliyotajiwa ni kubwa, na kabla sijatoa hela nataka nijue kama kweli ugonjwa uko hapo.

#2 Mchangiaji

Mkuu usijisumbue, agiza nakala mpya mtandaoni, zimejaa. Unafungua nati mbili, unafunga, safari inaendelea.

#3 Fundi (Tanga)

Mkuu wa #2, kwa heshima sikubaliani na wewe. Hizo nakala mpya nyingi zinakuja na jeti (vitundu vinavyopima mafuta) zisizolingana na injini husika, mhimili mlegevu tangu kiwandani na sindano (ile inayofunga na kufungua mafuta yanayoingia kwenye kabureta) isiyokaa vizuri kwenye kiti chake. Solex halisi ya Kijerumani, hata ikiwa chakavu, mara nyingi inafaa kufufuliwa kuliko kutupwa. Tena kama tatizo haliko kwenye kabureta, hiyo mpya nayo itavuja vilevile.

Mleta uzi, la kwanza ni usalama. Gari hiyo isiende barabarani mpaka ijulikane mafuta yanatokea wapi. Kwenye Beetle mrija wa kuingizia petroli kwenye kabureta uko juu ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi), na humo ndani ya distribyuta cheche zinaruka muda wote injini inapozunguka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujikusanya chini. Halafu kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu. Likishika moto, maji yanauchochea badala ya kuuzima. Kwa hiyo fanyia kazi nje, mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe mkononi, na chomoa waya wa hasi wa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma kila unapofungua kitu chenye mafuta. Tochi iwe ya betri. Kibatari na kiberiti vikae mbali.

La pili: usitafute kinachovuja kwa kutazama palipolowa. Petroli inatambaa. Inatokea juu, inafuata ukingo, inadondokea chini, nawe unalaumu pale chini. Fanya hivi. Osha kabureta nzima kwa brashi, kausha kabisa. Kisha paka poda nyeupe, ya mtoto au vumbi la chaki, kwenye maungio yote. Rudisha betri, washa, iache ikae sailensi (inguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) kidogo huku ukiiangalia bila kuondoka, zima, subiri. Palipoanza kubadilika rangi kwanza ndipo chanzo cha nje kilipo.

Maungio ya kukagua kwenye 34 PICT-3 ni haya: mrija wa shaba wa kuingizia mafuta pale unapoingia kwenye mfuniko wa aluminiamu, gasketi ya mfuniko na skrubu zake tano, ile plagi ya pembeni ya bakuli (chumba cha kabureta kinachotunza petroli) inayofunika jeti kuu, na washa yake, mfuniko wa pampu ya aksileta wenye skrubu nne, maana nyuma yake kuna dayaframu ya mpira inayopasuka kwa uzee, mwisho mhimili wa kipepeo, ncha zote mbili.

Ukimaliza, chomoa stiki ya oili uinuse. Kisha utuambie vitu vitatu: petroli inaonekana wakati gani hasa, oili inanukaje, na nini kilibadilishwa kwenye mfumo wa mafuta kabla tatizo halijaanza.

#4 Mleta uzi

Fundi nashukuru sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza.

Mrija wa shaba mkavu. Mfuniko mkavu. Plagi ya jeti kavu. Pampu ya aksileta kavu, hata nilipovuta aksileta kwa mkono mara kadhaa. Injini inaponguruma hakuna tone popote. Nilipozima, baada ya muda mfupi poda ikaanza kulowa kwenye ncha za mhimili, kushoto na kulia.

Oili inanuka petroli waziwazi, na imepanda juu ya alama ya mwisho wakati sijaongeza hata tone.

Kilichobadilishwa: pampu ya mafuta. Ya zamani ilikuwa imechoka, fundi akafunga mpya. Sikuhusisha mambo haya mawili kwa kuwa pampu yenyewe ni kavu kabisa.

#5 Mchangiaji (Dodoma)

Jibu umeshalipata mkuu. Bushi za mhimili (vipete unamozungukia) zimekwisha, mafuta yanapitia hapo. Peleka kwa wachonga vyuma wakutobolee na kuweka bushi mpya za shaba.

#6 Fundi (Tanga)

Ndugu wa Dodoma, bushi huenda kweli zimekula, kwa gari ya umri huo nisingeshangaa. Ila tufikirie: injini ikiwa inazunguka, chini ya kipepeo kuna mvuto unaonyonya kuelekea ndani. Mhimili mlegevu unaingiza hewa, na dalili yake ni sailensi isiyotulia. Na injini ikiwa imezimwa, pale kwenye mhimili hapatakiwi kuwa na petroli hata kidogo. Kiwango cha mafuta ndani ya bakuli kiko chini ya kile kijibomba kinachomwaga katikati ya koo la kabureta. Sasa petroli imefikaje kwenye kipepeo?

Imefika kwa sababu bakuli limejaa kupita kiasi. Inapanda, inamwagikia kooni kupitia hicho kijibomba, inatua juu ya kipepeo kilichofungwa, nyingine inapenya kwenye ncha za mhimili na kutoka nje, nyingine inashuka kwenye manifoldi, inaingia silinda, inapita kwenye ringi na kuishia kwenye oili. Ndiyo maana oili imepanda. Ndiyo maana pia ikiwa moto haiwaki: ndani imeshalewa mafuta. Ukichonga bushi utaziba mlango wa kutokea, petroli yote itaelekea kwenye oili, na hutaiona tena mpaka beringi zianze kupiga kelele.

Kwa hiyo mhimili ni njia ya kutokea tu, chanzo kiko juu zaidi. Na mleta uzi, oili hiyo ni nyepesi, haishiki tena. Injini hii inabeba lita 2.5 tu na haina filta ya oili, ina chujio la waya peke yake. Petroli kidogo inatosha kuiharibu. Usiizungushe zaidi ya majaribio ya lazima.

#7 Mchangiaji (Muscat)

Salaam alaykum ndugu zangu. Nachangia kutoka huku Oman, nina Beetle pia. Msisahau joto. Kiangazi cha huku, gari ikizimwa hewa ya feni inakata, joto la injini linapanda kwenye kabureta na petroli inachemka ndani ya bakuli. Povu linasukuma mafuta mpaka kooni, na ukitazama kwa tochi unaona yanadondoka kama sindano imekufa, kumbe sindano ni nzima. Tena kwenye miinuko mafuta yanachemka kwa joto dogo zaidi kuliko pwani, na Arusha ni juu. Mimi mwenyewe niliangalia kile kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta na mabati ya kufunika injini. Mengi ya mabati hayo huwa yametupwa na mafundi wasiojua kazi yake, hewa ya moto ikawa inazunguka mlemle.

#8 Fundi (Tanga)

Wa alaykum salaam. Hoja nzito hiyo, na lazima itenganishwe na ile ya sindano kabla ya kununua chochote, kwa kuwa dalili zake ni zilezile: moto haiwaki, baridi inawaka, kooni kunadondoka.

Namna ya kutenganisha ni kuangalia saa na sauti. Ondoa chujio la hewa, injini ikiwa imechemka zima, tazama kooni kwa tochi ukiwa umekaa pembeni, uso usiwe juu. Mafuta yakianza kudondoka palepale, na bakuli halina sauti, shaka inaelekea kwenye msukumo wa mafuta au sindano. Yakianza baada ya dakika kadhaa, yakiambatana na mlio wa kutokota, hilo ni joto.

Kisha rudia, safari hii na klempu ya kubana mipira. Injini ikiwa sailensi, bana mpira kati ya pampu na kabureta, zima papo hapo kabla bakuli halijapungua. Sasa hakuna msukumo wowote unaofika kwenye sindano. Ikiwa mdondoko umekoma, chanzo ni mafuta yanayosukumwa kutoka nyuma. Ikiwa unaendelea vilevile, ni mchemko, au kuna ufa ndani ya kabureta yenyewe. Uzuri wa njia hii ni kwamba hufungui mpira wowote kwenye injini ya moto.

#9 Mleta uzi

Majibu. Bila klempu: yanadondoka mara tu nikizima, hakuna sauti ya kutokota. Nikibana mpira kisha nikazima: kavu. Nimerudia ili niwe na hakika, ni hivyohivyo. Mabati yote yapo, baba mdogo hakuruhusu mtu ayaguse.

Kwa hiyo ni sindano?

#10 Fundi (Tanga)

Sindano au pampu. Na hapa ndipo hela nyingi za watu zinapotea.

Kwenye kabureta hii sindano inasukumwa ifunge na flota. Flota ni plastiki nyepesi, nguvu yake ni kule kuelea kwake tu. Upande wa pili kuna pampu inayosukuma sindano ifunguke. Sindano ikiwa mpya kabisa, bado pampu yenye msukumo mkubwa itaishinda. Pampu ya Beetle inatakiwa itoe kama psi 3 (psi ni kipimo cha msukumo), na hata injini ikienda mbio isipite 5. Pampu mpya za nakala nyingi zinavuka hapo. Wewe pampu yako ni mpya, na tatizo limekuja baada yake.

Azima geji ya msukumo mdogo, ile inayosoma vizuri chini ya psi 10, uifunge kwa kiungo cha T kati ya pampu na kabureta, klempu zikazwe vizuri. Injini baridi, soma.

Ukishasoma, zima, kata betri, chomoa na uzibe mpira, fungua mfuniko wa kabureta taratibu gasketi isichanike. Gari iwe mahali tambarare. Pima kwa rula ya kina kutoka ukingo wa juu wa bakuli, bila gasketi, hadi usawa wa petroli. Kwa 34 PICT-3 inatakiwa milimita 17 hadi 19. Namba ikiwa ndogo kuliko hiyo, mafuta yako juu mno. Toa flota, itikise karibu na sikio: ikilia maji ndani, imetoboka na inazama, tupa. Fungua sindano na kiti chake, angalia kwa lenzi kama ncha ina mfereji wa kuzunguka. Kuhakikisha kama inafunga, geuza mfuniko chini juu, ishike sindano kwa kidole bila kukandamiza, na pampu hewa kwa bomba la sindano la hospitali kwenye mrija wa kuingizia. Usitumie mdomo.

#11 Mleta uzi

Geji inasoma psi 6 na ushee, injini ikiwa sailensi.

Usawa wa mafuta: milimita 14. Flota haina kitu ndani. Ncha ya sindano ina alama hafifu sana, lakini kwa bomba inashika hewa vizuri.

#12 Fundi (Tanga)

Umempata mwizi. Kabureta haina kosa.

Sasa pampu. Inaendeshwa na kijiti cha chuma kinachosukumwa na kemu (gurudumu lenye nundu ndani ya injini). Msukumo unategemea kijiti kinatokeza kiasi gani, na hilo linarekebishwa kwa idadi ya gasketi zilizo chini ya pampu. Gasketi zikiwa chache, kijiti kinasukuma mbali zaidi, msukumo unapanda. Fundi akifunga pampu mpya kwa gasketi moja nyembamba, matokeo ni hayo unayoyaona.

Kwanza hakiki urefu wa kijiti. Injini za dainamo zinatumia cha milimita 108, za alteneta milimita 100, na pampu zake ni tofauti. Vikichanganywa, hakuna gasketi zitakazokuokoa. Ncha iliyochongoka inaelekea chini kwenye kemu. Kisha zungusha injini kwa mkono, spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dainamo, mpaka kijiti kifike juu kabisa. Kitokeze kama milimita 13 juu ya gasketi. Kikizidi, ongeza gasketi moja moja, funga, pima tena kwa geji. Usipitilize pia, maana msukumo ukishuka sana utakosa mafuta mlimani.

#13 Mchangiaji (Mwanza)

Fundi samahani, nadandia uzi wa mwenzangu. Nina Datsun 1200, kabureta ya Hitachi. Utaratibu ni huohuo?

#14 Fundi (Tanga)

Kanuni ni ileile, namba ni tofauti. Wewe una nafuu: bakuli la hiyo Hitachi lina kioo chenye alama. Gari ikiwa tambarare na sailensi unaona usawa wa mafuta bila kufungua chochote. Ukiona umepita alama, anza na geji ya pampu kabla hujagusa flota.

#15 Mleta uzi

Kijiti ni 108, gari ni ya dainamo, vinaendana. Chini ya pampu kulikuwa na gasketi moja ya karatasi. Kijiti kilikuwa kinatokeza karibu milimita 15. Nimeongeza gasketi mpaka kikafika 13, geji sasa inasoma psi 3 na kidogo. Nikapima tena bakuli: milimita 18. Sindano nimebadilisha kwa kuwa tayari ilikuwa nje na ni bei ndogo, washa ya chini yake nimerudisha unene uleule.

Moto nikaizima, nikasubiri, nikawasha: imeshika palepale. Poda kwenye mhimili kavu.

Swali la mwisho: mhimili wenyewe ukiushika una mchezo kidogo. Niache?

#16 Fundi (Tanga)

Kama sailensi imetulia, uache kwa sasa. Itakapoanza kupanda na kushuka bila sababu, hapo ndipo yule ndugu wa Dodoma anakuwa sahihi na utachonga bushi.

Mambo mawili usiyaahirishe. Oili imwage leo, yote, na chujio la waya ulifungue ulioshe. Usiendeshe hata kwenda kununua oili hiyo, nenda kwa bodaboda.

La pili ni ule mrija wa shaba kwenye mfuniko. Umekuwa mkavu kwenye jaribio, lakini jaribu kuuzungusha kwa vidole. Umeshindiliwa tu kwenye aluminiamu, haujakazwa kwa nyuzi, na miaka ya mtetemo unaulegeza. Ukichomoka injini inazunguka, pampu inamwaga petroli moja kwa moja juu ya distribyuta; Beetle nyingi zimeungua hivyo. Ukicheza hata kidogo, mpelekee mchonga vyuma aukatie nyuzi au aubane upya. Na kama kuna kile kifilta cha plastiki kinachoning'inia kati ya pampu na kabureta, kitoe hapo. Uzito wake ndio unaoutikisa mrija. Kihamishie chini, pale mafuta yanapotokea karibu na giaboksi, na mipira yote ya kitambaa weka mipya yenye klempu.

#17 Mleta uzi

Mrija unazunguka, fundi. Kidogo, lakini unazunguka. Na filta ipo hapohapo uliposema. Mfuniko nimeshautoa, kesho unakwenda kukatwa nyuzi. Gari haitoki mpaka urudi.